UZI: Cave Story, gemu la mtu mmoja. Mwisho wake wa siri ni haki kwa mchezaji au anaonewa?

MtuwaMafiati (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni wa wale wanaopenda magemu ya kuruka na kuzurura, yale unayomtazama mhusika kwa ubavu na njia huijui mpaka uitembee. Nataka tuongelee moja tu, Cave Story. Nina stesheneri hapa Mafiati, Mbeya. Nachapa, natoa kopi, naingiza nyimbo kwenye flashi, na kuna kompyuta moja ya pembeni nimewaachia watu wacheze wakisubiri kazi zao. Tangu niweke gemu hili pale, limezua ubishi ambao huwa nauona siku ya dabi ya Kariakoo tu.

Tahadhari mapema: nitaeleza hadithi mpaka mwisho. Kama hujalicheza na unataka ulikute bado bichi, lipakue kwanza, ukimaliza urudi. Toleo la awali ni la bure tangu siku lilipotoka, kwa hiyo hakuna anayemwibia mtu.

Kwa wageni: Cave Story lilitoka Japani Desemba 2004, kwa ajili ya Windows. Alilitengeneza mtu mmoja, Daisuke Amaya, anayejulikana kwa jina la Pixel, kwa muda wake wa ziada, na lilimchukua miaka 5. Programu aliandika yeye, michoro ni yake, hadithi ni yake, muziki ni wake, na hata chombo cha kutungia huo muziki alikiunda mwenyewe. Akimaliza akaliweka mtandaoni, mtu yeyote achukue. Folda nzima haifiki megabaiti 5. Wimbo mmoja wa bongo fleva unaweza kuizidi.

Unamcheza roboti anayezinduka pangoni na hajui yeye ni nani. Silaha yako ya kwanza, Polar Star, unaitoa kwenye kasha la mzee aliyelala, bila kumwomba. Unaingia kijiji cha Mimiga, viumbe wanaofanana na sungura, unakuta wamebaki wachache na wanaogopa. Kuna daktari amejipatia taji la nguvu za kichawi, anawateka Mimiga na anataka kuwalisha maua mekundu yanayowageuza kuwa wakali, awafanye jeshi lake. Kote huko kumbe ni ndani ya kisiwa kinachoelea angani, na wewe unakigundua chumba kwa chumba.

Sasa jinsi watu wanavyolipokea hapa dukani. Mwanzo karibu wote wanalidharau. Wamezoea mpira wa PS na San Andreas, wakiona kile kiroboti kidogo chenye kofia nyekundu wanauliza kama kompyuta imeharibika. Unaanza na uhai wa alama 3 tu, kwa hiyo miiba ya pango la kwanza inamalizana nao haraka. Wengine wanaondoka hapo hapo. Anayebaki mpaka akapata Polar Star, huyo nimeshamjua, hatoki leo.

Kinachowashika ni silaha. Ukiua adui anadondosha pembetatu za njano, ukiziokota silaha yako inapanda levo, mwisho levo ya 3. Ukipigwa, pamoja na uhai kupungua, silaha uliyoishika nayo inashuka. Hapo ndipo unamwona mtu anabadilika. Kuna kijana wa bodaboda anakuja na jaketi lake zito la baridi ya Uyole, hataki kulivua, anacheza kidole kimoja kwenye Z na kimoja kwenye X. Wiki ya kwanza alikuwa anakimbilia maadui anafyatua ovyo. Sasa hivi akiingia chumba kipya anasimama mlangoni, anatazama adui anarukaje, anahesabu kwa midomo, ndipo anasogea. Hakuna maandishi yoyote ya kumwelekeza kufanya hivyo.

Halafu tunafika kwenye ubishi wenyewe.

Ndani ya Labyrinth, baada ya kumshinda bosi anayeitwa Monster X, kuna mahali Profesa Booster anatokea mbele yako na kudondoka shimoni. Ukishuka kumwona, anakupa kifaa cha kurukia, Booster 0.8, halafu anakufa. Unashukuru, unaendelea na safari. Ila ukiruka lile shimo, kuruka kugumu kwelikweli, ukampita bila kuzungumza naye, hafi. Utamkuta mbele ya safari kule kijijini, kwenye nyumba ya Arthur, na atakupa Booster 2.0, kilicho bora zaidi. Bila hicho cha pili, na bila kumwokoa Curly, roboti mwenzako, baadaye, huwezi kufika eneo la mwisho la siri wala kuuona mwisho kamili wa hadithi.

Yaani gemu linataka umwone mtu ameanguka na wewe upite zako. Kila niliyemwona pale dukani anafika hapo alishuka. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi za vyeti vya mwanawe alisimama nyuma ya mchezaji akamwambia, "Shuka mwangalie mzee wa watu!" Ndivyo tulivyolelewa huku. Mtu akianguka mbele yako unasimama, maswali baadaye.

Msimamo wangu: gemu hili ni zuri kuliko mengi yanayouzwa kwa laki na zaidi, ila pale kwa Booster mchezaji anaonewa. Mwenye intaneti atasoma maelekezo. Aliyelipata kwa flashi, hana bando, atamaliza hadithi pungufu na asijue ni pungufu. Karibuni.

Kihesa_juu

Mkuu, kamwene kutoka Iringa. Uzi mzuri, lakini hapo kwenye kuonewa nakupinga.

Nilicheza Cave Story nikiwa chuo, kwenye laptop ya kuazima, na nilishuka shimoni kama wote. Nikaupata mwisho wa kawaida, ule wa kumshinda daktari, kisha unatoroka kisiwa kikianguka. Mkuu, ile ni hadithi iliyokamilika. Daktari ameshindwa, wabaya wamekwisha, wewe umetoka hai. Hakuna mahali gemu linakucheka au kukuambia umefeli. Kuna hata mwisho wa mapema zaidi, ukikubali kutoroka na mhusika mmoja, Kazuma, kwa joka mkiacha kisiwa na watu wake. Huo ndio unakuacha na aibu, na unaustahili kwa sababu ulichagua kwa macho yako.

Mwisho wa tatu ni zawadi ya anayerudi. Mimi nilijua upo baada ya jamaa wa chumba cha pili kunihadithia kwamba Curly yake haikufa. Nilimwambia mwongo. Curly anakupa tangi lake la hewa baada ya pambano na bosi anayeitwa Core, maji yanajaa, yeye anazama, nililiona mwenyewe. Jamaa akanionyesha amembeba mgongoni kwa kamba. Nilirudia gemu zima kuanzia pango la kwanza. Kama lingekuwa na alama ya mshale juu ya lile shimo ikisema ruka hapa, nisingekuwa na cha kubishana naye usiku ule, na leo nisingekuwa hapa kwenye uzi wako.

Pixel alipolitoa mwaka 2004, na wenzake huko walipata siri zake kwa kuambizana. Hata Kiingereza chake hakikutoka kwake. Lilikuwa la Kijapani tupu, mashabiki wa kundi la Aeon Genesis ndio waliolitafsiri, na wao bure vilevile. Gemu limesambaa kwa watu kuambiana tangu mwanzo.

Sokomatola2

Wakuu nawasoma, lakini kweli tunaongelea pikseli mpaka leo? Nililijaribu kwa rafiki yangu. Giza, vibox vidogo, muziki wa tituti. Mdogo wangu ana simu ya kawaida tu na magemu yake yana michoro kama filamu. Nadhani watu wanalisifia kwa kukumbuka utoto wao.

MtuwaMafiati (mleta uzi)

@Sokomatola2 mkuu, hoja ya utoto haisimami hapa kwetu. Hao vijana wangu wa Mafiati utoto wao hawakuwa na Famicom, ile mashine ya gemu ya zamani. Hawakucheza Metroid ya mwaka 1986 wala Super Metroid ya 1994, ambako mtindo huu wa kuzurura, kupata kifaa na kurudi kufungua njia ulikokulia. Hawakugusa ile Castlevania ya PlayStation ya 1997. Wanaliona Cave Story kama kitu kipya kabisa, na bado wanaganda.

Kuhusu michoro. Picha nzima ya gemu ni nukta 320 kwa 240. Kwenye nafasi finyu hivyo mchoraji hana pa kuficha uvivu. Angalia Balrog, lile jamaa kubwa jeupe lenye umbo la sanduku linalovunja kuta na kuingia. Ukimwona mara moja humsahau, na ameundwa kwa nukta chache mno. Mwiba unaujua ni mwiba, kasha unalijua ni kasha, adui unamjua yuko tayari kuruka au bado. Kwenye magemu mengi ya simu unayosema, mimi nikicheza sijui kipi ni pambo na kipi kitaniua.

Na muziki ukae nao uusikilize. Sauti ni za zamani ndiyo, lakini nyimbo zenyewe zimetungwa. Fundi simu wa jirani hachezi gemu lolote, ila ule wimbo wa kijiji cha Mimiga anaupiga mluzi akiwa anachomelea.

@Kihesa_juu nakusikia. Habari ya jamaa wa chumba cha pili naikubali, ila inathibitisha ninachosema. Wewe ulikuwa chuo, ulikuwa na chumba cha pili. Dogo aliyeko Isongole na laptop moja ya kaka yake anamwuliza nani? Siri nzuri ni ile inayoweza kugunduliwa na mtu aliye peke yake akiwa makini. Mfano Polar Star. Curly atakapotaka kubadilishana nayo akupe Machine Gun, mtu makini anaweza kujiuliza kwa nini naachia silaha niliyoitoa kwenye kasha la mzee yule, labda ataidai. Na kweli ukiitunza ukamrudia mwishoni anakutengenezea Spur, moja ya silaha kali kuliko zote. Hapo kuna fununu, maana uliichukua bila ruhusa. Kwa Booster hakuna fununu ya kukuambia kwamba kumpita ndiko kumwokoa. Kinyume chake, kila kitu kinakuita ushuke.

FundiPC_Makambako

Nipite na ya kiufundi wakuu, maana nimeona wengi humu watataka kulijaribu.

Toleo la awali halihitaji kusakinishwa. Ni folda, unafungua, unabonyeza, linaanza. Nimeliendesha kwenye mashine za XP zenye ramu ndogo kabisa ambazo hata kivinjari zilikuwa zinashindwa. Ndani ya folda kuna DoConfig, humo unabadili ukubwa wa dirisha na vitufe, na pedi ya USB unaipanga hapo hapo. Wa simu za Android, tafuteni RetroArch halafu injini ya NXEngine, ambayo mashabiki waliandika upya kwa ajili ya gemu hili. Wa Linux pia hiyo hiyo.

Kuna toleo la kulipia, Cave Story+, lilikuja Steam mwaka 2011 baada ya lile la Wii la 2010, na baadaye likaingia Switch mwaka 2017. Lina michoro iliyoongezwa ukali. Zuri, lakini huna unachokosa kwenye hadithi ukicheza la bure.

Kitu kimoja cha kuzingatia: la bure lina nafasi moja tu ya kusevu. Faili lake ni Profile.dat. Watu wawili wakitumia folda moja, wa pili anamfuta wa kwanza. Mleta uzi, dukani kwako mnafanyaje?

MtuwaMafiati (mleta uzi)

@FundiPC_Makambako swali zuri, na nusura litoe watu ngumi pale kabla sijapata njia. Kila mchezaji ana folda yake, nimeikopi nzima na kuiandika jina. Kwa kuwa ni ndogo hivyo, hata wakiwa watu mia diski haisikii. Wengine wanakuja na Profile.dat yao kwenye flashi, wamecheza nyumbani mpaka umeme ukakatika, wanaiweka kwenye folda ya dukani na kuendelea walipoishia. Jioni wanaondoka nayo. Yule wa bodaboda anaibeba kwenye flashi iliyofungwa pamoja na ufunguo wa pikipiki.

Gemu gani kubwa la leo utafanya nalo hivyo?

Binti_wa_Tukuyu

Habari zenu kaka zangu. Mnaongelea Booster tu, mimi naomba niongelee Toroko.

Nilicheza na wadogo zangu likizo ya mwezi wa sita, mvua za Rungwe zile zisizokatika, hakuna kutoka nje. Mmoja anashika kibodi, wengine tunasoma maneno kwa sauti. Kiingereza chao ni cha darasani, kwa hiyo mimi nilikuwa natafsiri papo hapo. Tulicheka sana Grasstown. Kule unatakiwa kutafuta vitu vitatu utengenezewe bomu la kulipulia mlango: maji ya jelifishi, mkaa, na ile gundi. Mkaa unaupata mekoni kwa kuzima moto kwa maji ya jelifishi. Mdogo wangu wa mwisho aling'ang'ania kuzima kila jiko aliloliona. Halafu Sand Zone, kukusanya watoto watano wa mbwa wa bibi Jenka, mmoja mmoja, unambeba kichwani unamrudisha.

Tukadhani ni gemu la watoto. Ndipo daktari akampa Toroko lile ua jekundu. Toroko ni mtoto wa Kimimiga, mwoga, mwanzoni kabisa anakutishia kwa fimbo akidhani umekuja kumdhuru. Anageuka mnyama mbele yako na gemu linakulazimisha upigane naye. Hakuna njia ya kumponya, tulijaribu kutopiga, tulijaribu kukimbia. Halafu King, kiongozi wa kijiji chao, naye anakata roho anakuachia upanga wake. Wadogo zangu walinyamaza wote. Aliyekuwa ameshika kibodi aliniuliza kama tungewahi kufika mapema angepona. Nikamwambia hapana, lakini alirudia kutoka alikosevu kuhakikisha.

Sasa kaka Kihesa na kaka mleta uzi, nadhani jibu la ubishi wenu liko hapo. Gemu linakufundisha kwa Toroko kwamba kuna watu hutaweza kuwaokoa hata ufanyeje. Ukifika kwa Booster umeshakubali. Umeshajifunza kwamba hapa watu wanakufa na wewe unaendelea. Ndiyo maana hakuna anayefikiria kwamba Booster anaweza kupona. Na ndiyo maana ukija kujua kwamba angepona, unaumia kuliko ungejua mwanzo. Mimi hilo silioni kama uonevu. Naona mtunzi alijua anachokifanya.

Kihesa_juu

@Binti_wa_Tukuyu dada umenimaliza. Nilikuwa nimeandika aya mbili, nimezifuta.

MtuwaMafiati (mleta uzi)

@Binti_wa_Tukuyu dada yangu, hili sijawahi kulisikia likisemwa, na nimesoma mengi kuhusu gemu hili. Nakubaliana nawe kuhusu hisia. Mtunzi amepanga pigo, na pigo linafika. Lakini bado nasimama: aliyepigwa ni yule tu aliyekuja kuambiwa baadaye. Asiyeambiwa hakupigwa, amepita tu. Siri yenye thamani hivyo ingestahili hata sentensi moja ya mhusika mmoja kule kijijini, baada ya mwisho wa kawaida, ya kumfanya mtu ashtuke.

Ila kuhusu Toroko umenifungua. Pale dukani kila mtu akifika kwake anauliza swali lile lile la mdogo wako, na mimi nilikuwa nalichukulia kama swali la ufundi.

Iyunga_kodi

Wakuu, nimefuata uzi kimya kimya, mimi ni mwanafunzi wa kompyuta hapa Mbeya na ninajifunza kutengeneza magemu. Mambo mawili.

La kwanza, siri. Mwaka 2024 lilitoka gemu linaitwa Animal Well, la pikseli vilevile, la kuzurura vilevile, na limetengenezwa na mtu mmoja pia, Billy Basso, aliyeandika mpaka injini yake. Kazi ya miaka kama 7. Humo hakuna kupigana kabisa, wewe ni kiumbe kidogo cha mviringo gizani, unapata vifaa vya ajabu kama mapovu na filimbi. Siri zake zimepangwa kwa tabaka. Ya kwanza ukiwa peke yako utaimaliza. Ya pili inataka uvumilivu, kuna mayai 64 yamefichwa. Zaidi ya hapo kuna fumbo ambalo mtu mmoja hawezi kulimaliza hata akae mwaka, kwa sababu kila mchezaji anapewa kipande kimoja cha picha na vinahitajika vipande 50. Wachezaji walikutana mtandaoni wakaunganisha. Nadhani Basso amejibu swali la mleta uzi: mtu peke yake anapata hadithi yake kamili, na wenye wenzao wanapata la ziada, na kila mmoja anajua yuko upande upi. Bahati mbaya Animal Well linauzwa, na linahitaji mashine ya kisasa kidogo kuliko XP ya Makambako.

La pili ni ombi. Maneno yote ya Cave Story yako kwenye mafaili ya TSC ndani ya folda ya data, na kuna programu za mashabiki za kuyafungua, Cave Editor na Booster's Lab. Nimeyafungua. Herufi za toleo la Kiingereza zinatutosha, Kiswahili hakina herufi ya ziada. Shida ni nafasi. Kisanduku cha maneno kina mistari michache na kila mstari unabeba herufi thelathini na kitu, zikipungua zaidi pale panapokuwa na sura ya anayeongea. Sentensi zetu ni ndefu, kwa hiyo inabidi kukata na kuweka ukurasa mwingine bila kuua mchezo. Nimeshafanya pango la kwanza na nyumba kadhaa za kijijini. Dada wa Tukuyu, umeshatafsiri gemu zima kwa mdomo mbele ya wadogo zako. Ukikubali kuandika, mimi nitaingiza.

Binti_wa_Tukuyu

@Iyunga_kodi nimekubali kabla hujamaliza kuuliza. Nianze na Jenka na mbwa zake, wale ninawakumbuka neno kwa neno. Ila Toroko tusimfanye aongee kama mtu mzima wa kwenye taarifa ya habari. Ni mtoto, aongee kama mtoto wa hapa.

FundiPC_Makambako

Mkimaliza sehemu yoyote nitupieni nijaribu kwenye NXEngine kama inasoma vizuri. Simu ndiyo itakayofikisha hili kwa wengi, wenye laptop ni wachache.

MtuwaMafiati (mleta uzi)

Wakuu, hii sasa ni zaidi ya nilichotegemea kwenye uzi. Kompyuta ya pembeni ni yenu kwa majaribio, jioni yoyote. Nitawakalisha wale wasiojua Kiingereza kabisa tuone wanakwama wapi. Kuna dogo mmoja anaruka mazungumzo yote kwa kubonyeza Z mfululizo kwa sababu hayaelewi, akifika Grasstown hajui anatafuta nini. Huyo ndiye wa kumpima naye.

Ombi langu moja kwa @Iyunga_kodi: mkifika kwa Booster msiongeze fununu yoyote. Msimamo wangu mnaujua, lakini gemu ni la Pixel, liacheni alivyoliandika. Kama mnataka kuweka neno la kumshtua mchezaji, liwekeni kwenye faili la maelezo nje ya gemu.

Nzovwe_mpya

Samahani wakuu, nimelipakua baada ya kusoma nusu ya uzi, nikaacha hapo kwenye tahadhari, nimerudi sasa. Niko Labyrinth, sijafika kwa Profesa. Tatizo, Polar Star nimeshampa Curly, nikachukua Machine Gun. Ndiyo nimeukosa mwisho wa tatu? Nianze upya?

MtuwaMafiati (mleta uzi)

@Nzovwe_mpya usianze upya mkuu. Ulichokosa ni Spur tu, mwisho wa tatu hautegemei silaha hiyo. Na kwa shimo la Booster uko pazuri kuliko walioitunza Polar Star: Machine Gun ikiwa levo ya 3, ukielekeza mdomo chini na kufyatua ukiwa hewani inakusukuma juu, kwa hiyo lile shimo utalivuka bila jasho. Ingia pale ikiwa imejaa, usipigwe njiani ikashuka. Usishuke shimoni. Ukifika kwenye chumba cha Core tafuta kamba, ipo tu kwa aliyempita Booster, na bila hiyo Curly anazama. Baada ya hapo maji yatawachukua, utakuta mlango wa kijumba, ingia, mlaze kitandani, mtoe maji aliyomeza, halafu mbebe tena kabla ya kutoka. Wengi wanamsahau hapo kitandani. Sevu kabla ya Core, na uikopi Profile.dat pembeni.